Viti Vidogo vya Jumamosi

Jumamosi, tarehe 7 Machi

Leo nimewafungulia watu wazima darasa la chekechea ninakosaidia kulea watoto. Mwalimu Mkuu aliniambia tangu Jumatatu: funguo unazo wewe, utawafungulia saa nne, utawasubiri wamalize, utafunga. Hakuniambia wanakuja kufanya nini. Nikadhani ni kikao cha wazazi.

Wamekuja tisa. Darasa lina kiti kimoja tu cha mtu mzima, cha mwalimu, na huyo mama anayewaongoza amekataa kukikalia. Wanamwita Mkunga. Amestaafu, lakini nusu ya mtaa huu imepita mikononi mwake. Basi wote wakakaa kwenye viti vya watoto, magoti yamefika kidevuni. Kinyozi wa pale kona — lile jitu! — alijiteremsha kwenye kiti cha njano polepole kama anaingia maji ya baridi.

Mkunga akasema, tumekuja kuzungumza habari za kufa. Si kulia, si kuhubiriana. Kufa tu, kama tunavyozungumza habari za mvua. Sheria ni moja: atakayesema "Mungu apishe mbali" au "usiseme hivyo", anaosha vikombe.

Mimi nilikuwa mlangoni na ufagio wangu. Nikataka kutoka. Sikutoka.

Kinyozi akafungua mjadala. Akifa, hataki kinyozi mwingine amguse kichwa. Mmoja akamuuliza, sasa utajinyoa mwenyewe? Akajibu, ndiyo maana nimekuja, tulijadili! Wakacheka mpaka mama wa duka la vitambaa akamwaga chai.

Zamu ikazunguka. Mkunga akanitazama, tumbo kwanza, halafu uso. Na wewe, mama wa funguo? Nikasema mimi nimekuja kufunga tu. Akasema sawa, mwanangu. Hakunisukuma hata kidogo.

Bora angenisukuma.

Jumapili, tarehe 8 Machi

Kijiko amelala. (Mwanangu, miaka miwili na nusu. Haendi popote bila kijiko mkononi, jina likamganda.) Niandike basi, maana mambo ya kliniki bado sijayaandika.

Daktari alichora kwenye karatasi. Kondo la nyuma limekaa chini, limeziba njia ya mtoto, tena limekaa juu ya mshono wangu wa zamani. Kuzaa kawaida hakuna. Operesheni tarehe 13 Aprili. Damu ikianza kabla, hata tone, nikimbie hospitali. Nikamuuliza, naweza kufa? Daktari ni kijana tu, labda tunalingana. Akasema wengi wanapona. Nikamwambia sikuuliza wengi. Akasema ndiyo, inawezekana, ndiyo maana tunajiandaa.

Nilimshukuru. Kweli kabisa nilimshukuru.

Nyumbani nikamweleza Baba Kijiko. Yeye ni fundi wa mafriji. Akanisikiliza mpaka neno "damu", akainuka, akachukua bisibisi akafungua friji letu. Friji zima! Halina ugonjwa wowote! Alilifungua lote, akalifunga, maziwa yakaharibika.

Lakini kinachoninyima raha si operesheni. Ni watoto wa shemeji yangu. Mkewe alifariki mwaka juzi, akaacha watatu. Mama mkwe akawagawa, alasiri moja tu, baba yao hakumkatalia. Mkubwa kwake, wa kati kwa shangazi yao, mdogo kwa mjomba, mbali. Hakuwa na ubaya. Kila nyumba mdomo mmoja, alisema, hakuna atakayelemewa. Desemba wakakutanishwa hapa kwetu, yule mkubwa, wa miaka tisa, na dadake wa kati, wa miaka sita. Wakapeana mikono.

Kama wageni! Mtoto na dadake. "Hujambo." "Sijambo." Halafu kila mmoja akaenda kukaa upande wake.

Na Baba Kijiko tangu nimjue hajamwambia mama yake hapana. Hata kwenye chumvi ya mchuzi.

Ninachotaka ni sentensi moja. Nikifa, wanangu wawili wakae pamoja, kwa baba yao. Basi.

Jumatano, tarehe 11 Machi

Nimejaribu. Alikuwa anamvalisha Kijiko viatu. Nikasema, Baba Kijiko, kuna kitu nataka ukishike, nikif—

Akasema, usituchurie, utatuletea mkosi!

Nikasema si kuchuria, ni kupanga. Akasema mwanamke mjamzito hasemi maneno hayo, mtoto anasikia. Nikamuuliza, yupi? Akamtazama Kijiko, akatazama tumbo, akachukua begi la vifaa akaenda kazini. Alikuwa amemvalisha mtoto kiatu cha kulia mguu wa kushoto.

Baadaye ametuma meseji. "Umekula?" Nikajibu nimekula. Nampenda huyu mtu. Ningekuwa na nguvu ningemrushia hicho kiatu.

Shuleni watoto ishirini na wanne, wawili wana mafua, mmoja ameng'ata mwenzake. Mgongo unawaka.

Jumamosi, tarehe 14 Machi

Nimeongea!

Sikupanga. Nilikaa kwenye kiti, kile chekundu karibu na mlango, ili nikichoka niondoke. Mkunga hakunitazama kabisa leo. Zamu ikafika kwangu, mdomo ukajifungua wenyewe. Nikaeleza kondo, nikaeleza watoto wa shemeji na ile mikono. Nikasema sentensi yangu yote. Nilipomaliza hakuna aliyeniambia pole, utapona. Nikajisikia kama nimetua ndoo.

Halafu mama wa vitambaa akauliza kwa upole, na mumeo naye akifa?

Nikaruka — Mungu apishe mbali!

Walishangilia! Kinyozi alipiga makofi kama timu yake imefunga goli. Nikaosha vikombe kumi, tumbo limegonga sinki la watoto. Mkunga akawa anafuta. Akaniuliza, sentensi hiyo umemwambia nani? Nikasema mume, hataki kusikia. Akasema, kwenu anayeamua ni nani? Nikasema mama yake. Akaweka kikombe chini.

— Sasa mbona unamwambia mtu asiyeamua?

Nikaendelea kusugua kikombe. Ninamwogopa yule mama, ndilo jibu.

Jumanne, tarehe 17 Machi

Mama mkwe amekuja bila kupiga simu. Mama wa vitambaa ni shoga yake, kumbe, amempelekea habari. Nitamweza huyo siku nyingine.

Ameketi, amempakata Kijiko, amekataa chai. Akasema, nasikia mnamwita Kifo darasani kwa watoto, mnamkaribisha na biskuti. Nikasema biskuti hakuna, Mama, chai tu. Hakucheka. Akasema yeye amezaa sita, amezika wawili, hajawahi kukaa kwenye kiti akaongelea mambo hayo kama habari za sokoni. Akasema mwanamke mwenye akili katika hali yangu anakaa, anakula, anawaza mema.

Nilijua nikinyamaza leo, nimenyamaza moja kwa moja.

Nikasema, Mama, Jumamosi saa nne. Njoo umwone huyo Kifo mwenyewe tunavyomkaribisha.

Loo! Sijui nilipata wapi ujasiri huo. Mama mkwe akambusu Kijiko utosini, akamweka chini, akachukua mkoba. Mlangoni akasema: una ulimi, mkwe wangu.

Baba Kijiko aliporudi akaniuliza, umemwambia nini Mama? Nikamwambia muulize. Hatamuuliza.

Jumamosi, tarehe 21 Machi

Alikuja.

Saa nne kasoro, mimi bado napanga viti, namwona getini na mkoba wake mweusi. Hakukaa. Kinyozi alimpa kiti cha mwalimu, akasema ahsante nimesimama. Saa nzima! Amesimama chini ya michoro ya watoto kama askari wa benki, sisi wote huku chini kwenye viti vidogo, tunamwongelea Kifo huku tunamwogopa yeye.

Zamu yangu nikaipisha. Nilishindwa. Nikasema, bado.

Ndipo akavuta kiti. Si cha mwalimu, cha bluu, kidogo. Ikabidi ashike bega la Kinyozi ili afike chini. Hakuna aliyecheka.

Akasema: Mimi ndiye niliyegawa watoto wa mwanangu. Mnajua, si ameshawaambia huyu. Hakunitazama. Akasema, mkwe wangu yule, mama yao, alilala mgonjwa wiki tatu. Mara tatu alianza, "Mama, watoto…" Mara tatu nikamwambia, pumzika, utapona. Nilidhani namsaidia. Mara ya nne hakuanza tena. Alipokwenda, nikakaa na watoto watatu mbele yangu, sijui mama yao alitaka nini. Nikakisia. Watu wanadhani niliamua — mimi nilikisia!

Mkunga akamwambia kwa sauti ya chini, na sasa ungeambiwa?

Akasema, sijui kama ningeweza kusikia.

Basi nikasema. Kutoka kwenye kiti changu chekundu, hatua tatu kutoka alipo. Mama, nikifa, wanangu wawili wakae pamoja, kwa baba yao. Usimgawe hata mmoja, hata kwa wiki, hata kwa wema.

Aliinuka. Ilimchukua muda, na hakushika bega la mtu. Akasema: nimesikia sauti yako. Sijakujibu. Akaondoka.

Kusikia sauti si kusikia neno. Nimekaa hapa nageuza maneno yake, Kijiko ananilisha udongo wa kuchezea kwa kijiko. Tumbo gumu leo.

Jumapili, tarehe 22 Machi

Mama mkwe hakupiga simu. Baba Kijiko amefua nguo zote za mtoto mchanga, ambazo zilikuwa safi.

Jumatano, tarehe 25 Machi

Hospitali. Kalamu ya nesi.

Damu imeanza asubuhi nikichemsha maziwa. Si tone. Baba Kijiko alinibeba mpaka kwenye gari la Kinyozi, taulo la Kinyozi chini yangu, mtu mzima yule anaendesha huku analia na kupiga honi. Kijiko kabaki na Mkunga.

Daktari ni yule yule. Wanasubiri chumba kiwe wazi, nusu saa, labda pungufu. Mtoto anacheza bado, nimesikia moyo wake kwenye mashine. Dripu iko mkono wa kushoto, kwa hiyo naandika. Nikiacha nitaanza kutetemeka.

Baba Kijiko yuko chini anatoa damu. Wameomba ndugu wajitolee, akakunja shati kabla hawajamaliza kusema. Kabla ya kushuka ameinama karibu na sikio langu, akafungua mdomo. Akafunga. Akasema, nakuja. Hawezi kusema, basi anatoa damu. Nimemwelewa.

Mama mkwe ameingia. Pumzi juu, ngazi zote zile. Amekaa pembeni ya kitanda, mkoba mapajani. Nikangoja aniambie pumzika.

Hakuniambia. Amesema: Ile sentensi. Nipe tena.

Nikampa tena.

Akasema, mimi najijua, mwanangu. Nikiona mtoto mchanga ananililia na baba yake yuko kazini, nitambeba nimpeleke kwangu, na nitaona nimefanya vyema. Kwa hiyo lazima niwe nayo mdomoni, niiseme hata usingizini. Niiseme mbele ya mwanangu, mbele ya mashangazi wote. Nifundishe.

Nikasema, sema: Mkwe wangu akifa, watoto wake wawili wakae pamoja, kwa baba yao.

Akasema: Watoto wake wawili wakae pamoja, kwa baba yao.

Nikasema Mama, mwanzo umeuacha.

Amejaribu tena. "Mkwe wangu… watoto wake wawili wakae pamoja." Machozi yanashuka, sauti haiyumbi. Nikasema bila ule mwanzo mashangazi watasema, huo ulikuwa utani wa mjamzito. Akasema najua. Nyamaza, naanza.

Mara ya tatu amefika kwenye "aki". Amekwama hapo hapo. Ameshika chuma cha kitanda.

Nesi amekuja na kitanda cha magurudumu, na kofia ya nywele ya kunivika. Anasema chumba kiko tayari, mama, twende. Mama mkwe ameinuka, amesimama kati yangu na kitanda, mkoba mbele kama ngao. Anamwambia: Subiri, binti. Dakika moja. Huyu ananisomesha.

Nesi anatazama saa, ananyoosha mkono achukue kalamu yake. Mama amenigeukia. Anavuta pumzi. Anasema, mkwe wangu—