Kisahani Mlangoni mwa Jiko

Tuwan, Jumanne, Julai 1991

Hafi. Nafula binti yangu akifunga shule atamkuta simbilisi wake, yule mnyama mdogo kama panya anayemfuga, akiwa hai, nimeapa.

Jana daktari wa mifugo alimpasua tumbo akatoa uvimbe, akanionya: asipokula na kupata choo, ameenda. Nikamlaza kwenye katoni jikoni, karibu na meko, apate joto.

Kumbe mama mkwe anakuja! Asubuhi akafika kutoka Chwele, mke wangu akamkalisha papo hapo jikoni, kisha mke akaenda matangani Kiminini. Kwetu ni mwiko: mimi tangu nioe sijawahi kuingia alipo mama mkwe, wala kumsemesha.

Sasa nifanye nini? Nikazunguka nyuma ya jiko, nikaongea na mnyama kupitia ukutani. "Wewe simbilisi, daktari amesema unyweshwe uji kwa hilo bomba la sindano lililo kwenye katoni. Kidogo kidogo, usipaliwe."

Kisha nikasikia mama naye akimwambia mnyama, "Ati uji! Haya, si ufungue mdomo."

Shida ikabaki choo. Nani anamuuliza mama mkwe habari za mavi, hata kama ni ya panya? Nilizunguka boma mchana kutwa, aibu huku, hasira huku.

Jioni mlango wa jiko ukafunguka kidogo. Mkono ukasukuma nje kisahani kilichofunikwa kwa jani la sukuma wiki, mlango ukafungwa. Nikafunua.

Vinyesi vitatu, vimekauka vizuri.

"Simbilisi," nikauambia ukuta. "Asante, mama."