Kidole Kilichoona Wivu

Tabia, nimeaibika! Nimeaibika shoga yangu!

Unamjua Bi Mwanakheri, mchora hina. Alikuwa anamchora dada yangu Kazija kwa harusi ya kesho. Kwenye kidole cha mwisho akaruka jani moja la ua. Mimi na mdomo wangu: "Bi Mwanakheri, hapo umekosea."

Umekosea! Mbele ya wanawake wote!

Akaweka kijiti chini. Akafunika bakuli la hina. Akaomba buibui lake. Na mkono mmoja wa bibi harusi bado mtupu! Mama kanifinya, mpaka sasa panauma.

Kazija akasema taratibu, "Bi Mwanakheri, mkono wako mashallah. Ila kidole hiki kinawaonea wivu wenziwe."

Bibi akacheka, akafunua bakuli, jani akalitia. "Nshaliona zamani," akasema. "Nilikuwa nangoja wa kunambia kwa adabu."

Sasa ni zamu yangu. Nakuandikia kwa penseli mkono wa kulia, wa kushoto anao Bi Mwanakheri. Vidole vinne vishajaa maua. Cha tano kakiacha kitupu, ananitazama.