Baba Mkwe Anaonja Mvinyo kwa Uso Wangu

Mshauri wangu mpendwa,

Naomba unisaidie, na unisaidie upesi, maana Jumamosi ijayo ikishapita ushauri wako hautakuwa na kazi tena. Mimi ni mkaza mwana katika nyumba inayotengeneza mvinyo, mizabibu ilipandwa na babu yake mume wangu, ghala akalijenga huyohuyo babu, baba mkwe akarithi vyote, na mume wangu ndiye mtoto wa kiume pekee, kwa hiyo kila mtu anajua mambo yanaelekea wapi. Mimi nilipoolewa sikujua chochote, zabibu nilizozijua ni zile za kwenye keki, wakanicheka mpaka nami nikacheka.

Sasa nyumba hii ina utaratibu wa kuonja aliouacha babu, na hakuna anayethubutu kuugusa. Kabla ya kuchanganya mvinyo wa mwaka, mkuu wa nyumba hupita pipa moja baada ya jingine akiwa na chaki mfukoni, pipa zuri analichorea duara, lililoanza kugeuka siki analichorea msalaba. Lakini haonji peke yake, lazima awe na shahidi mwenye glasi yake, anayeonja kila anachoonja mkuu, ila shahidi hasemi neno, na akisema tu, kazi yote inaanza upya kutoka pipa la kwanza. Mama mkwe ndiye aliyekuwa shahidi, Mungu amrehemu, na alipofariki baba mkwe alinikabidhi mimi glasi yake mbele ya watu wote, mawifi wakatazamana, mimi nikaipokea kwa mikono miwili.

Mwaka jana baba mkwe aliugua mafua mabaya, akapona, tukashukuru. Baada ya hapo nikaanza kuona mambo. Siku moja maziwa yaliungua jikoni, nyumba nzima ikanuka, mimi nikakimbia kutoka uani na kumkuta amekaa pembeni ya jiko anasoma gazeti, hana habari, mpaka moshi ulipomwingia machoni ndipo akauliza, "Kuna nini?" Siku nyingine alijimiminia siki akidhani ni maji ya ndimu, akanywa, akaukunjia uso ule ukali, lakini hakujua ni nini alichokunywa. Mshauri, mtu huyu zamani alikuwa akiingia tu ghalani anajua pipa gani limevuja kabla hajawasha taa!

Nikasema labda kwenye mvinyo pua yake inarudi, maana ndiyo kazi yake. Tulipoanza kuonja mvinyo wa mwaka huu nikawa namtazama, naye kumbe ananitazama mimi. Anainua glasi, ananusa muda mrefu kabisa, macho yake yanapita juu ya glasi yananitua usoni, halafu ndipo anachora. Sikuamini. Basi nikamjaribu, na hili nalisema kwa aibu, tulipofika kwenye pipa moja zuri sana mimi nikanuna makusudi, na baba mkwe akatoa chaki akachora msalaba. Nikaonja tena haraka, nikatabasamu, naye akaufuta ule msalaba kwa mkono wa shati akachora duara, akasema, "Hili lina haya, lilikuwa linajificha." Kuanzia pale nikawa makini na uso wangu, zuri natabasamu, baya nakunja, na tukaenda hivyo vizuri tu mpaka tulipofika pipa la pembeni.

Lile pipa nilipolinusa tu nikajua limeharibika, linanuka siki na rangi ya kucha. Lakini wakati ule ule mume wangu alikuwa anapita nyuma ya baba yake na mpira wa kuvutia mvinyo mabegani, akajikwaa, akaketi makalio yote mawili kwenye beseni la makapi ya zabibu, akabaki amekaa humo ananitazama kama ni mimi niliyemsukuma. Nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Baba mkwe akaona kicheko changu, akachora duara kubwa kuliko yote, akasema kwa furaha, "Hili ndilo la mwaka huu!"

Jumamosi mapipa yote yenye duara yanamwagwa kwenye tangi moja kubwa, na pipa moja la siki likiingia humo mvinyo wote wa mwaka umekwisha. Nilimwambia mume wangu kwa mbali, "Lile pipa la pembeni una uhakika nalo?" Akanijibu, "Baba ameshachora. Wewe si shahidi?" Nikisema, namuumbua mzee ambaye mezani alizoea kutuambia, siku nitakayoshindwa kunusa mnizike tu. Nisiposema, kazi yao ya vizazi vitatu inageuka siki nikiwa nimesimama pale na glasi mkononi. Halafu mimi ni nani, mkwe, wa kumwambia baba mkwe kwamba pua yake imekufa? Na nikwambie na hili, nimeipenda hii kazi, mshauri, naipenda kuliko nilivyotegemea, na ninaogopa nikifungua mdomo glasi ile wataninyang'anya.

Usingizi umenipaa. Nifanye nini?

Mimi, Shahidi Asiyesema

*

Mwanangu Shahidi,

Barua yako nimeipitisha mbele ya nyingine zote, kwa sababu wenye ugomvi wa ndoa wanaweza kungoja wiki moja na pipa haliwezi. Niliposoma mara ya kwanza nilicheka kwa ajili ya huyo mumeo na beseni lake. Mara ya pili sikucheka.

Tuanze na kukugombeza, ili tumalize. Kucheka si kosa, hata mimi ningecheka. Kosa ni kwamba ulinusa siki, ukaona duara, ukaenda zako kupika chakula cha mchana. Na kule kumjaribu mzee kwa kununa sikukupenda hata kidogo. Mtu anayeshika ukuta kwa sababu haoni vizuri humwondolei ukuta ili uone kama kweli ataanguka. Lakini umeona aibu mwenyewe, basi yaishe.

Sasa nisikilize. Unaandika kana kwamba umeigundua siri ya baba mkwe na kazi yako ni kuchagua uifiche au uitoe. Siri gani? Mwenye pua ndiye wa kwanza kujua kwamba pua haipo! Angeweza kusingizia mgongo, akampa mwanawe chaki, akaenda kukaa kivulini na heshima zake zote. Hakufanya hivyo. Alikuja ghalani, akainua glasi, akakutafuta usoni. Yeye anakuuliza kila pipa, mwanangu, na anakuamini kiasi cha kuchora unachomjibu. Kwa hiyo hilo swali la "mimi ni nani" lirudishe ulikolitoa. Ameshakuambia wewe ni nani, ila kiburi chake hakijampa maneno.

Na hayo ya "mnizike nikishindwa kunusa" usiyabebe sana. Watu husema hivyo wakiwa na pua nzima. Wakishaipoteza hugundua kwamba bado wanapenda kuamka asubuhi.

Yapo mambo mawili ambayo hutayafanya. Hutamwambia mumeo kwanza. Simchukii, lakini huyo ataingia ndani akiwa ameshtuka, na kabla ya jioni mawifi zako watakuwa wanamjadili baba yao sebuleni huku yeye yuko chumba cha pili. Pia hutaingia ghalani kimyakimya na kitambaa ukafute duara. Najua umeshalifikiria. Mzee akikuta alama yake haipo atadhani na kumbukumbu nayo imemkimbia, na hapo utakuwa umemnyang'anya kitu cha pili.

Utakachofanya ni hiki. Kesho asubuhi, akiwa ghalani peke yake, nenda na glasi zote mbili. Vuta mvinyo kutoka pipa la pembeni, mpe yake, shika yako. Mwambie hivi: "Baba, siku ile nilimcheka mume wangu. Mvinyo sikuucheka." Basi, ishia hapo. Pua usiitaje wala ugonjwa usiutaje, na usianze kulia. Ataelewa kabla hujafunga mdomo. Anaweza kukasirika, anaweza kunyamaza mpaka ukatamani ardhi ipasuke, anaweza hata kukwambia utoke. Usitoke. Kaa hapo, mwangalie kwa adabu, ungoje.

Utaniambia shahidi hatakiwi kusema. Soma tena ulichoniandikia wewe mwenyewe. Huyo babu hakusema shahidi akifungua mdomo afukuzwe. Alisema kuonja kuanze upya. Mzee wa watu alijua iko siku shahidi atalazimika kusema, akaacha mlango wazi. Basi muanze upya, toka pipa la kwanza, na safari hii umwombe ruhusa ya kujibu kwa mdomo. Uso haufai kwa kazi hiyo, maana uso hucheka wanaoanguka kwenye mabeseni. Chaki abaki nayo yeye. Mkono wake unajua mengi ambayo wewe bado hujui, lipi lichanganywe na lipi kwa kiasi gani, kwa hiyo muulize, na usione haya kumwambia kwamba umeipenda kazi. Mtu aliyepoteza kitu anachokipenda hufarijika kujua kwamba mwingine amekipata humohumo nyumbani.

Mkimaliza, mwombe amwambie mwanawe yeye mwenyewe, kabla ya Jumamosi, kwa maneno yake. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kitakachokufa ni mvinyo wa watu wote. Mumeo akinuna kwa kuwa wa mwisho kujua, mwache anune, wanaume hununa na wakila wanasahau.

Je, mzee akikataa kabisa? Akisema pipa ni zuri na wewe huna adabu? Basi Jumamosi, kabla bomba halijafunguliwa, sema mbele ya wote, kwa sauti ya kawaida: "Naomba pipa la pembeni lionjwe na kila mtu." Watakaolinusa watajua. Watakuita mkwe asiye na heshima, na glasi wanaweza kukunyang'anya kweli, sikudanganyi. Itakuuma. Lakini mzee bado atakuwa na mvinyo wa kuweka jina lake, na hasira ya mtu unayeishi naye hupoa. Chupa ikishatoka nje ya geti hutaweza kuifuata kwenye kila meza itakapofunguliwa ukaeleza kwamba mzee alikuwa mgonjwa.