Nafasi ya Nguo za Cathal

Baba Cathal,

Nimekwenda kupanga maua kanisani. Viazi viko ovenini, usiviunguze tena. Mbwa ameshakula, asikudanganye.

Cathal haji na mfuko wake wa nguo chafu Ijumaa hii pia, kwa hiyo fua zako. Mashine ya kufulia nilikuwa nimemwachia yeye. Asubuhi nilimuuliza yule msaidizi wa kompyuta, ambaye chuo chake Cathal kimewawekea wazazi, kama mtoto anakula. Akasema habari za mwanafunzi hazitoi bila ruhusa yake. Halafu akaniuliza, “Na wewe mama, unaendeleaje tangu aondoke?” Nikamwandikia mpaka chai ikapoa.

~~Usinisubiri, kula tu.~~ Nisubiri tule pamoja. Na uniulize na wewe, mume wangu. Kompyuta imekutangulia.

Mama Cathal