Mchezo wa Maji na Jani la Sale

Moshi,
Jumapili, 10 Novemba 1996

Mpendwa kaka,

Shikamoo. Nimejiahidi kwamba leo nitakueleza yote, hata lile ambalo nyumbani hatulitaji.

Shuleni tumepata kompyuta. Ni moja tu, kuukuu, na Sista wa hesabu huifunika kwa kitambaa cha kufuma kama redio ya baba. Ametufundisha lugha yake, iitwayo BASIC. Kaka, maneno yake ni machache, mtoto wa chekechea angeyakariri, lakini mashine huyatii. Unaandika mstari, unaupa namba, na kwenye kioo cheusi nukta nyeupe inaanza kutembea. Mara ya kwanza niliondoa mikono kwenye vitufe nikaiweka mapajani, kama kanisani kengele ya mageuzo inapolia. Niliandika, ikawa.

Sista alitaka kila mmoja atunge mchezo. Wenzangu wakatunga vita. Mimi nilikumbuka mfongo, mfereji wetu kule Kirua, wewe ukiuziba kwa tope na magome ya migomba, mimi nikikimbia chini kupokea mashua zako za majani. Basi mchezo wangu ni maji yanayoshuka mlimani. Mchezaji hufungulia shamba lake zamu yake ikifika. Akifungulia zamu ya mwingine, maji hukauka.

Katika michezo ya wenzangu ukikosea unakufa. Sikuweza kuandika hivyo. Unakumbuka ulivyoiba maji ya jirani wa chini? Baba alikata jani la sale kwenye ua wa mpakani, akakutuma ukaombe nalo msamaha. Nilikufuata. Ulimpa jirani jani kwa mikono miwili. Yule mzee akalipokea huku akicheka: "Umenywesha migomba yenu kwa maji yangu, mwizi wewe. Lakini mwenye sale hafukuzwi." Ndiyo maana katika mchezo wangu aliyekosea hupeleka sale, na maji hurudi.

Siku ya wazazi baba alikuja. Tangu ulipong'oa mibuni yake ukapanda nyanya, mkagombana, ukaenda Arusha bila kuaga, hajalitaja jina lako. Alikaa mbele ya kompyuta, kofia magotini. Nilimwonyesha vitufe. Akafungulia maji kabla ya zamu, nadhani makusudi, yakakauka. Nikampa sale. Alama ndogo ya jani ikavuka mpaka, maji yakaanza kushuka tena. Akauliza jirani akikataa itakuwaje. Nikamwambia kompyuta haijui kukataa, kwa sababu mstari huo sijauandika.

"Usiuandike," alisema.

Tulipokuwa tunaelekea getini aliniuliza, bila kunitazama, kama anwani yako ninayo.

Kaka, sijui lugha ile ina nini ndani yake. Mistari niliyoichapa kwa kidole kimoja imemfikisha baba mahali ambapo mama na padre walishindwa kumfikisha. Ningepewa nafasi, ningeisoma maisha yangu yote.

Krismasi inakaribia, na kila aliye mbali anapanda mlimani kurudi kwao. Masale ya mpakani petu yamestawi. Nijibu mara upatapo barua hii: utakuja kukata jani lako mwenyewe?

Mdogo wako wa kike,
mpokea mashua zako