Tairi za Mvua Zilizobaki Hemani

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Wilaya ya Kicukiro, Kigali
Tarehe 17 Novemba 2025, saa nne na dakika kumi asubuhi

Jina: Ismaël Nduwayo. Umri: miaka 47. Kazi: fundi wa tairi, Gikondo. Makazi: Kabeza.

Nilizaliwa Buyenzi, Bujumbura, na Kigali nimekaa miaka kumi na tisa. Nimeonywa kwamba nikisema uongo nitashtakiwa. Nimeelewa.

Mnamo tarehe 16 Novemba 2025, siku ya Jumapili, nilikuwa kwenye mashindano ya magari katika barabara iliyofungwa karibu na maghala ya Gikondo. Gari letu ni dogo, la michezo, halifiki kilo mia nane. Mwenye gari ni Bertrand, ambaye pia ni bosi wangu gereji. Dereva ni Vestine Umulisa, miaka 28. Nimemfungia tairi misimu mitatu.

Tulikuwa na seti mbili. Moja ni tairi pana, karibu vipara, za lami kavu. Nyingine ni nyembamba, zenye mifereji ya kutoa maji. Gari zito hukandamiza maji mpaka likaipata lami. Jepesi kama lile, likiwa na tairi pana, hupanda juu ya maji, na hapo dereva hana tena la kufanya.

Saa saba na nusu mchana mvua ilianza. Vestine alikuwa kwenye mkutano wa madereva. Nilipiga jeki, nikatoa tairi ya mbele kulia. Bertrand akaingia kwenye hema tulimoegesha gari, akasema, "Rudisha hiyo."

Nilimwambia maji yameshaanza kutuama kwenye kona ya chini.

Akasema, "Mvua hii inapita. Barabara ikikauka, hizo zako zitamchelewesha. Kazi unaitaka au huitaki?"

Nilirudisha. Nati moja iliniponyoka mara mbili.

Saa nane kasoro dakika tano Vestine alikuja mbio, wasimamizi wakimwita mstarini. Turubai la hema lilikuwa limefunika ubavu wa gari mpaka chini, tairi hazikuonekana. Alipokwisha kukaa aliniuliza, akiniita kwa jina la mwanangu, "Baba Raïssa, umenifungia za mvua?"

Bertrand alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilijibu, "Uko tayari, binti yangu." Hilo si jibu la swali aliloniuliza. Akanishukuru.

Nilikimbia hadi kona ya chini. Mzunguko wa kwanza alipita taratibu, nadhani alishahisi. Nilimpungia mikono yote miwili asimame. Mvua ilikuwa kubwa, hakuniona. Mzunguko wa pili, saa nane na dakika sita, gari lilifika kwenye maji. Nilisikia injini ikipanda, lakini sauti ya tairi kwenye lami sikuisikia tena. Gari lilizunguka mara moja, likapiga ukuta wa ghala kwa ubavu. Msimamizi wa bendera, Cyusa, aliruka, ila mguu wake ulibanwa na umevunjika.

Nilikuwa wa kwanza kufika. Vestine alisema, "Usukani umekataa." Akazimia. Mpaka asubuhi hii yuko hospitalini, hajaamka.

Jana saa kumi na mbili jioni Bertrand alinipigia simu. "Ukiulizwa, Vestine alichagua tairi mwenyewe. Amelala, hawezi kukukanusha. Una watoto, Ismaël." Akakata. Mke wangu aliuliza ni nani. Nikamwambia ni mteja.

Vestine hakuchagua. Bertrand aliagiza, na mimi nikafunga huku nikijua. Namwogopa Bertrand hata sasa ninapoongea. Lakini naogopa zaidi Vestine akiamka aniulize tena.

Haya nimeyasema kwa hiari yangu. Nimesomewa, na ni maneno yangu.

Sahihi: I. Nduwayo

Maelezo ya ofisa: Yamechukuliwa nami, Mutabazi, kwa Kiswahili, na kukamilika saa tano na nusu. Shahidi amekabidhi simu yake kwa uchunguzi. Ameomba kutokea mlango wa nyuma, akidai gari la mwajiri wake limeegeshwa mbele ya kituo tangu alipoingia. Nimetoka kuangalia. Lipo, na kuna mtu ndani.