Nimesoma, ni Sawa

Curitiba, siku ya Yenga, kisha misa ya Jumapili

Yaya wangu Masika wa Vulamba, dada yangu mukubwa,

Nakusalimia sana, wewe na bwana yako na batoto, pamoja na ule moshi wa jikoni yako wenye unaingiaka mu macho ya kila mugeni. Mugongo wako unaendelea aje? Na Mama kule Musienene, bado anakataa kulala wakati viazi viko inje? Mimi niko muzima. Ninakula, ninalala, ninaenda ku kazi. Ukiniuliza zaidi ya pale sijue nikujibu nini. Tangu Kasereka, mudogo wetu, auawe, ni kama munganga wa meno alinipiga sindano, kisha akaenda zake na akasahau kung'oa jino. Nikijiuma, sisikie.

Barua hii ni juu ya ile sauti nilikutumia mu simu wiki yenye imepita, yenye nilikuwa napiga kelele: "Yaya, programu ya feza ikikuomba kujibadilisha, ukatae! Na bamama bote ba likelemba bakatae!" Ulinijibu "Sawa" moja, kavu. Shangazi Kahindo naye akanitumia yake: "Kambale, batu hapa banauliza kama huko Brezili banauzaka pombe tangu asubui." Hapana, shangazi. Nilikuwa na akili yangu yote, ile kidogo yenye imebaki. Ni vile feza ya likelemba yenu, ile bamama munachangaka na kuweka mu simu juu njia ya Beni haipendi mutu mwenye anatembea na feza mu kitenge, ilikaribia kwenda. Na mwenye alifungua mulango ni mimi. Keti, nikuelezee.

Maisha ya hapa, unayajua. Nilivuka bahari nzima nikakuta batu benye banakula maharagi kila siku, na unga ya muhogo juu yake. Mama akijua atasema nilitupa tiketi. Mu kiwanda, kuku zinapita mbele yangu miguu juu kichwa chini, mimi nakata bawa la kuume tu. La kushoto ni la Idi, yule kijana wa Beni, ile familia ya Waislamu benye malori. Miaka mitatu sijawahi kugusa bawa la kushoto. Idi anasema tukirudi kwetu, itabidi tufungue butiki pamoja, la sivyo kuku yetu itaruka upande mumoja.

Kisha kazi, ninafungua ordinatere, ile kompyuta yangu, na ninaanza ile kazi ingine, yenye nilijifundisha mwenyewe pale Butembo ukiwa unanipigia kelele nizime taa. Ile programu munatumia kwa kutunza feza, haiko na tajiri. Ni batu tu, kila mumoja mu inchi yake, tunaitengeneza bure, na kila kitu chenye tunaandika kiko wazi, mutu yeyote anaweza kukisoma. Siku moja Idi aliniuliza:

— We Kambale, donc unachunga feza ya dunia nzima?

— Kidogo, ndiyo.

— Na dunia inakulipa ngapi?

— Bure.

— Basi mimi mwenye nakukopesha sabuni, njo niko bosi wa dunia.

Ilikuwa kweli, hata sabuni yenyewe sijamurudishia.

Sasa sikia namna tunafanyaka. Mutu akileta kipande kipya cha programu, mwingine lazima akisome mustari kwa mustari, tangu juu mpaka chini, kisha aandike jina lake na maneno haya: "Nimesoma, ni sawa." Bila yale maneno kipande hakiingie. Na ili programu itoke iende ku simu za batu, kuko funguo tatu. Moja iko na mimi. Moja iko na mama mumoja anaitwa Milena, anaishi mu inchi ya barafu, mbali sana. Ya tatu ilikuwa na muzee mwenye alichoka, akasema anataka kulima maua. Tulikuwa tunatafuta mutu wa kurizi ufunguo wake.

Hapo njo anaingia Yonasi. Sijawahi kumuona, hata sauti yake sijue. Mu kazi yetu mutu ni jina na maandishi. Alikuwa na sisi tangu miaka mbili, anarekebisha vitu vidogo vyenye hakuna mutu anataka kugusa, hakasirike, anasema asante kwa kila kitu. Mutu wa kushukuru vile, kwetu ungesema ni wa seminari.

Siku mulinipigia simu kwamba Kasereka hakurudi kutoka shamba la kakao, upande wa Beni, nilikuwa ku kazi. Siku ya tatu mukanipigia tena, na nikasikia Mama nyuma yako. Nilizima simu, nikavaa kofia ya plastiki, nikarudi kukata mabawa mpaka saa ya kutoka. Kuja kuzika haikuwezekana, karatasi zangu za hapa zinaniruhusu kutoka lakini hazisemi kitu juu ya kurudi. Mulifikiri mimi ni jiwe, najua. Wewe hukusema, mais bwana yako alisema, na simu yako inashika sauti muzuri sana.

Milena aliandika: "Pole sana, Kambale." Bengine, hakuna kitu. Yonasi aliandika ukurasa muzima. Aliandika kwamba huzuni ni mugeni mwenye hatukumwita, mais tumupe kiti. Kwamba ndugu yangu sasa anatembea mu vilima vya kwetu na hachoke tena. Nilisoma mara ine. Kisha akaniuliza: "Kasereka alikuwa mutu wa namna gani?" Hakuna mutu mwingine alikuwa ameniuliza ile. Nilimuandikia. Vile alikuwa anapiga mbinja kabla hajaingia mu nyumba, ili tujue hakuna mutu mubaya. Vile alikataa kuvaa koti la marehemu Baba mpaka Mama akaacha kulikunja. Kila mangaribi nilikuwa namuandikia, na yeye anajibu.

Idi naye alikuja siku ile ya kwanza. Akachemsha chai, akavua viatu, akaketi ku kitanda changu, tukaangalia ukuta sisi babili mpaka chai ikapoa. Kisha akavaa viatu, akaenda. Mimi hata sikuhesabu kwamba alikuja.

Unajua desturi yetu, yaya. Mutu mwenye alikuja ku matanga kulia na wewe, haumupekue mifuko. Unamupa nafasi ya kuketi, unamupa sahani, na kisha siku ile yeye ni mutu wa nyumba. Shangazi Kahindo peke yake njo anasimamaka ku mulango. Unakumbuka ku matanga ya Baba, yule kijana wa suti ya kijivu mwenye hakuna mutu alimujua?

— We kijana, unalilia nani?

— Namulilia marehemu, mama.

— Marehemu ni mwanaume ao mwanamuke?

Kijana akaangalia sufuria ya maharagi, akaangalia mbingu.

— Mama, uchungu haujaniambia bado.

— Basi kula kwanza. Mais ukimaliza, ushuke kwa jirani, kule pia banalia, na kule ni mwanamuke.

Mimi hapa sikuwa na shangazi ku mulango.

Wiki mbili kisha mazishi, Yonasi akaleta kipande kirefu sana, akaomba mimi njo nikisome. Nilifungua, nikaona jina lake, nikaona mistari ya juu imepangwa safi kama mashuka ya hospitali, nikaandika: "Nimesoma, ni sawa." Sikusoma, yaya. Nikaenda kulala. Kisha nikamuambia Milena kwamba ufunguo wa muzee tumupatie Yonasi, ni ndugu. Milena akakubali juu ni mimi nilisema.

Tulikuwa tumepanga programu mpya itoke siku ya nne ya wiki. Siku ya kwanza, baba ya Milena akafariki. Nikamuandikia pole, na mimi, kama vile aliniandikia. Akanijibu: "Asante. Yonasi pia aliniandikia vizuri, angalia," akanionyesha. Huzuni ni mugeni mwenye hatukumwita, tumupe kiti. Baba yako sasa anatembea mu vilima vya kwenu na hachoke tena. Neno kwa neno, alibadilisha jina la maiti tu. Milena akaongeza chini: "Mais kwetu ni tambarare kama meza. Baba hakuwahi kuona kilima. Labda alichanganya."

Hakuchanganya. Nilikaa pale na sahani yangu ya maharagi. Singekuambia nilikasirika, kukasirika kunaomba nguvu. Nilifungua tu kile kipande chake, nikaanza kukisoma sasa, mustari kwa mustari, kama vile nilipashwa. Nilisoma mpaka usingizi ukanishinda, nikasoma tena saa ya kupumuzika mu kiwanda, Idi akakata mabawa yote mbili kwa dakika kumi juu yangu na akasema la kuume ni gumu kuliko nilikuwa nasema. Mangaribi nilipata. Ilikuwa chini kabisa, mistari sita.

Nikuambie kwa lugha ya soko. Yale maneno kumi na mbili ya siri uliandika ku karatasi ukaficha nyuma ya sanamu ya Bikira, njo funguo ya feza yenu. Programu ile ingefanya kazi muzuri kila siku. Mais kila mara munalipa ba Kyavinyonge kwa samaki, kipande kidogo cha ile siri kingetoka pamoja na malipo, kama chumvi mu gunia lenye kitundu. Lori linatembea, hakuna mutu anaona kitu, na mutu mumoja anafuata nyuma na kikombe. Kisha safari chache angekuwa na chumvi yote. Ya kwenu, na ya batu wengi benye sitajua majina yao.

Nilimupigia Milena, tukafunga kila kitu, tukamufukuza Yonasi, tukaandika wazi mbele ya bote chenye kilitokea. Sikujua kama alikuwa na njia ingine ya kufikia simu zenu, njo mana nilikupigia ile kelele. Kile kipande hakikufika ku simu hata moja. Feza ya likelemba iko yote. Mukitaka kuitoa murudishe mu kitenge, muitoe, sitaona mubaya. Uambie bamama ukweli: kijana wetu aliandika kwamba alisoma, na hakusoma. Yale maneno yangu bado iko pale, na jina langu, kila mutu anaweza kuona. Mu kazi ya wazi hakuna kufuta.

Batu ba projet hawakunitukana. Milena aliniuliza tu: "Kambale, sisi bote tulimuamini. Kwa nini kile kipande alikileta kwako na si kwangu?" Nikamujibu sijue.

Najua, yaya. Na sababu yenyewe, nilimuambia yeye Yonasi, peke yake mu dunia, wakati wewe njo nilipashwa kukuambia wa kwanza.

Siku moja mbele ya kwenda shamba, Kasereka alinitumia ujumbe. Mwanzo aliandika: "Yaya Kambale, kakao imekauka muzuri mwaka huu, Mama atafurahi." Nilikuwa nasoma kazi ya mutu. Niliona ule mustari wa kwanza, nikamutumia kidole gumba, nikaendelea. Sikushuka chini. Chini alikuwa ameandika: "Mais batu banasema njia si nzuri wiki hii. Unaona aje, niende ao ningoje?" Ile nilisoma kisha simu yenu ya pili, wakati nilitafuta maneno yake ya mwisho.

Yonasi alinijibu: "Si kosa lako." Lilikuwa neno zuri, nililishika siku nyingi. Kisha akaleta kipande chake, mistari mizuri juu, na sumu chini. Alikuwa ananijua sasa. Nilikuwa nimemuambia mwenyewe kwamba mimi nasomaka mustari wa kwanza.

Umusalimie Mama, mais hii karatasi ya mwisho usimusomee. Shangazi Kahindo, umuambie jibu la kijana wa suti ya kijivu liliniokoa na halikuniokoa, juu nililikumbuka Yonasi akiwa ameisha kuketi, ataelewa ao atanitukana, yote ni sawa. Shemeji, bwana yako, umuambie nilimusikia na simuchukie. Batoto bako, uwapige kichwa kidogo kidogo kwa jina langu. Muke wa Kasereka, sijue nimusalimie na maneno gani. Wewe uangalie kama hii habari ni yake pia. Kama ni yake, umupe. Idi naye anakusalimia. Leo nilimununulia sabuni mbili, akauliza nani tena amekufa.

Yaya, simu ya Kasereka iko kwako, ulisema unaichaji kila Yenga. Kama hujaifungua, sasa unajua nini iko ndani. Mais nafikiri uliifungua zamani. Nafikiri ulikiona kile kidole, na saa yake, na njo mana miezi yote hii unanijibu "Sawa" moja, kavu. Kama ni vile, uniandikie. Unitukane kwa Kinande, karatasi nzima, nitaisoma mpaka chini.

Mimi mudogo wako, mwenye tumbo moja na wewe,

Kambale